Kikundi cha kuacha pombe Mbeya: cha kanisani, cha hospitali au cha kwenye simu?

Seremala_Uyole
Wakuu, salama humu? Nina miaka 41, fundi seremala, nipo Uyole. Leo siku ya 19 sijagusa komoni wala kitu kingine. Mke wangu anasema nitafute watu wa kukaa nao, maana kujifungia chumbani jioni siyo kuacha, ni kujificha.

Nimepata njia tatu. Kikundi cha kanisani kwetu, Jumatano jioni, natembea kwa mguu. Cha hospitali huko mjini, Jumanne saa nne asubuhi, anaongoza muuguzi. Na mikutano ya kwenye simu, usiku, ya AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha). Cha kanisani ndicho rahisi, ila mwenyekiti wake alinipa hela ya mbao za milango miwili, nikainywa yote. Mngekuwa nyie mngeenda wapi?

Kihesa_Juu
Kamwene kaka, hongera kwa hizo siku. Mimi nilianzia kanisani, huku Iringa. Niliapa mbele ya watu mwezi wa kumi na moja, wakapiga makofi. Mvua zikaja, ulanzi (pombe ya mianzi) ukaanza kugemwa, jirani akawa anapita dirishani kwangu kila asubuhi na mbeta lake. Nilivumilia hadi Januari. Nilipoanguka sikurudi kikundini, ningewaangaliaje wale waliopiga makofi? Kwa hiyo usiulize kiko karibu au mbali. Uliza mtu akianguka wanamfanyaje. Kama anasimamishwa mbele aombewe kila mtu akimtazama, mimi hapana.

Mstaafu_Forest
Kihesa_Juu kasema kweli, ila makanisa hayafanani, tusiyaweke kapu moja.

Kuhusu AA, maana wengi wanadhani ni dini mpya. Ilianza 1935 huko Akron, jimbo la Ohio, Marekani, na walevi wawili, mmoja dalali wa hisa, mwingine daktari wa upasuaji. Hakuna kiingilio. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Jina la kwanza linatosha, na unayoyasikia mle unayaacha mle. Ukianguka unaanza kuhesabu upya, hakuna anayekufukuza. Kuna mikutano ya wazi, hata ndugu anaweza kuingia, na ya ndani, ya wenye tatizo wenyewe tu. Anza na ya wazi, kaa kimya, sikiliza. Mingi ya mtandaoni niliyoingia ni ya Kiingereza. Kamera unaweza kuzima. Mimi nilizima mwezi mzima, na nakiri kuna siku nilikuwa na glasi mkononi. Hapo ndipo ubaya wa simu ulipo, harufu haipiti.

Mkunga_Mafinga
Naingilia kidogo kwa ajili ya wanaosoma kimya. Seremala umeshapita pabaya. Lakini anayekunywa kila siku, kiasi kwamba asipopata asubuhi mikono inatetemeka, asikatishe ghafla akiwa peke yake ndani. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka (kuona vitu visivyokuwepo, jasho, homa) mara nyingi siku ya pili hadi ya nne. Hiyo inaua. Aende kwanza hospitali apewe dawa, kikundi kitafuata. Nimeshaona familia inamfungia mtu ndani ikidhani ni mapepo.

Swalihina
Mimi Muislamu, nipo Mwanjelwa. Kwetu pombe ni haramu, basi hata kusema unakunywa huwezi, unakunywa kwa kificho na unaacha kwa kificho. Zile hatua 12 za AA, mwongozo wao wa kuacha, zinamtaja Mungu, ila kila mtu kwa anavyomwelewa yeye, sikuona shida. Hata hivyo nilichagua cha hospitali. Yule nesi hakuniuliza dini, aliniuliza nalala saa ngapi. Ubaya ni muda, Jumanne saa nne mtu wa kibarua anapoteza siku.

Mama_Ilomba
Mwanangu, na mkeo je? Wanaume mnajadili viti vyenu tu. Al-Anon ipo tangu 1951 kwa ajili ya ndugu wa wanywaji, na ina mikutano ya mtandaoni. Mimi sikuipata mapema. Nilikaa miaka nikinusa mashati.

Halafu hamjamuuliza alikuwa anakunywa saa ngapi. Kama ni saa kumi na moja akifunga karakana, mkutano wa asubuhi utamsaidia nini saa hiyo?

Seremala_Uyole
Ndaga mama, umenishika. Ni saa kumi na moja na nusu kweli, randa ikishawekwa chini tu.

Narudi na majibu. Jumanne nilienda hospitali. Watu saba, viti vya plastiki, chai ya rangi. Niliogopa kukutana na anayenijua, na wa kwanza kumuona ni bodaboda aliyekuwa ananibeba kutoka kilabuni hadi mlangoni. Tulitazamana, tukacheka mpaka nesi akatuuliza kuna nini. Kumbe na yeye. Tumekubaliana kila siku saa kumi na moja na nusu anapita karakana, tunakunywa chai hadi giza liingie. Mke nimempa simu aitafute hiyo ya mama.

Milango ya mwenyekiti nimenunua mbao za mmoja. Kanisani nitaenda nikiwa nimeubeba.