Chapa za mbao za Japani, vita vya 1894: serikali au biashara?

Swali (karatasi_kuukuu): Wakuu, chapa (picha zilizopigwa kwa ubao wa mbao uliochongwa) za vita vya Japani na China, 1894–95, zinafanana mno: Mjapani kasimama wima na sare ya Kizungu, Mchina kaanguka au anakimbia. Serikali ndiyo iliyoagiza? Na karatasi tatu za mchoro mmoja, utajuaje ni za wakati ule?

Jibu (mchonga_ubao): Serikali ilikagua tu. Mtaji ulikuwa wa mchapishaji wa Tokyo: yeye ndiye aliyemlipa mchoraji, mchongaji na mpiga chapa, akauza kwa watu wenye hamu ya habari za vita. Wachoraji wengi walichora kwa kusoma magazeti. Kubota Beisen ni kati ya wachache waliofika Korea. Kwa hiyo sura za askari ni za kubuni, na mnunuzi alipewa alichotaka kukiona.

Haraka ya kuwahi wateja hao ilizaa makosa. Mpiga tarumbeta aliyeuawa Songhwan, Korea, Julai 1894, chapa za mwanzo zinamwita Shirakami Genjirō. Baadaye ikatangazwa kuwa ni Kiguchi Kohei. Ukikuta jina la kwanza, usidhani ni feki!

Jibu (lenzi10): Anza na pambizo: tarehe, jina na anwani ya mchapishaji. Miaka huhesabiwa kwa Meiji, yaani enzi ya mfalme wa Japani wa wakati ule: Meiji 27, jumlisha 1867, unapata 1894. Kila karatasi huwa kama sm 37 kwa 25. Kisha geuza nyuma: rangi iwe imepenya, na mikwaruzo ya duara ya baren, kile kisuguo cha mkono, ionekane. Chini ya lenzi ukiona vitone vilivyopangwa safu, hiyo ni nakala ya mashine.

Rangi kupita mstari kidogo si dosari ya kukutisha. Karatasi hupigwa chapa ikiwa na unyevu. Ikikauka kabla rangi zote hazijaisha kupigwa, moja baada ya nyingine, hunywea, na hata ukiibana kwenye kento (alama za pembeni za ubao) haikai tena mahali pake.

Jibu (mchonga_ubao): Nyongeza: usiioshe kabisa. Nyekundu na zambarau za anilini (rangi za kemikali) huchuruzika zikiguswa na maji, na zambarau hupauka juani. Selotepu ndiyo mbaya zaidi, gundi yake huacha doa la kahawia.

karatasi_kuukuu: Na zenye Meiji 37?

lenzi10: Hiyo ni 1904, vita na Urusi. Ni chache zaidi. Picha za kamera na postikadi zilikuwa zimeshawachukua wateja.