Malalamiko: Tulipelekwa Mbudya kwa kayaki jioni ya bamvua, kusi ikiwa imekaza, kisha tukaambiwa ni bahati mbaya

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, na nimengoja siku tisa ili nisije nikaandika neno nisiloweza kulithibitisha. Mwezi Julai, baada ya mitihani, wanafunzi 18 wa chama chetu tulilipia safari ya kupiga makasia kutoka ufukwe wa Kunduchi hadi kisiwa cha Mbudya, kulala huko kwenye mahema usiku mmoja na kurudi kesho yake. Kila mmoja alitoa shilingi 95,000, na fedha hizo nilizikusanya mimi kwa kuwa ndimi mweka hazina. Kampuni sitaitaja hapa, kwa sababu malalamiko yetu rasmi wanayo mezani kwao. Ninachokieleza ni kitendo chenyewe, kwa kuwa wao wanakiita bahati mbaya, na mimi nasema ulikuwa uamuzi.

Ratiba waliyotuandikia ilisema tungeingia majini saa 2 asubuhi, na saa 1 na nusu sote tulikuwa tumekwisha kufika. Kayaki hazikuwapo, kwani zilikuwa zimekodishwa kwa kundi jingine lililokuwa bado kisiwani. Tulikaa chini ya mivinje tangu asubuhi hadi ziliporudishwa saa 10 alasiri, zikavutwa mchangani na kumwagwa maji, na saa 11 kasoro robo kiongozi wao akatuamuru tupande.

Naomba mwenye kuijua bahari aitafakari saa hiyo. Mwezi Julai jua la Dar es Salaam huzama saa 12 na robo hivi, kwa hiyo tulibakiwa na saa moja na nusu ya mwanga, watu ambao wengi wetu hatukuwa tumewahi kushika kasia. Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi mpevu, yaani bamvua, wakati ambapo tofauti ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hupita mita 3. Maji yalikuwa yamejaa karibu saa 10 na nusu, na tuliingizwa yalipoanza kutoka, hata ikawa kadiri tulivyozidi kuiacha nchi kavu ndivyo yalivyozidi kwenda kasi. Kusi nayo, upepo wa kusini, ilikuwa imevuma tangu mchana. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililokuwa siri: majedwali ya maji kujaa na kupwa huchapishwa mapema, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za upepo na mawimbi kila siku.

Tena walionywa kwa mdomo. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu kando ya ngalawa yake, alimwambia kiongozi wetu, nami nikisikia: "Mwanangu, maji yanatoka na kusi imekaza. Watoto hawa wapeleke kesho alfajiri." Kijana yule, bila hata shikamoo, alimjibu kwamba kampuni ina uzoefu wa miaka mingi.

Majaketi okozi matano kati ya 18 yalikuwa yamekatika vifungo, yakafungwa kwa kamba ya manila. Kayaki, zote tisa za watu wawiliwawili, hazikuwa na kitambaa cha kuziba tundu la kukalia, kwa hiyo kila wimbi lililotupiga ubavuni liliingia ndani na kubaki. Boti ya kusindikiza tuliyoilipia haikuonekana, na baadaye tukajua ilikuwa kwa fundi. Viongozi walikuwa wawili, wakiwa na simu moja ndani ya mfuko wa plastiki, bila redio ya mawasiliano. Hakuna aliyetuuliza nani anajua kuogelea. Sita hawakujua, mmoja wao akiwa binti wa mwaka wa kwanza kutoka Singida, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza aliingia baharini.

Nusu saa haikupita, msururu wetu ukakatika. Kayaki tatu zilisukumwa upande wa kaskazini, mbali na kisiwa, na mbili kati yake zikapinduka. Sisi tuliofika Mbudya tuliwaona wenzetu wakizidi kuwa wadogo, kisha giza likaingia hata tusiwaone kabisa. Nilipomtaka kiongozi apige simu kwa polisi wanamaji, alisema tungoje kwanza, tusiwatie watu hofu, na akawaagiza waliofika waendelee kusimamisha mahema. Neno hilo bado nalisikia. Wakati tukigombania simu, yule mzee wa Kunduchi, ambaye hakuwa ameondoa macho yake baharini, alikuwa amekwisha kumtuma mwanawe na wenzake kwa boti yao ya uvuvi. Waliwakuta wanne wameshikilia kayaki zilizopinduka, binti wa Singida akiwa hawezi tena kusema kwa baridi, wakawapakia pamoja na wale wawili wa kayaki ya tatu, na saa 2 usiku wote sita wakafikishwa pwani.

Nasoma sheria, na kisa tulichofundishwa darasani kilinirudia usiku ule nikashindwa kulala. Tarehe 22 Machi 1993, kule Lyme Bay nchini Uingereza, wanafunzi wanane walipelekwa baharini kwa kayaki pamoja na mwalimu wao, safari fupi tu ya kufuata ufukwe. Upepo uliwasukuma nje, mawimbi yakazijaza kayaki zisizo na vifuniko, msaada ukachelewa kuitwa, na wanne wakafa. Miezi kadhaa kabla yake, waliokuwa walimu wa kituo cha michezo kilichoandaa safari hiyo walikuwa wameuandikia uongozi barua ya kuonya juu ya usalama. Mahakama haikusema ni hali ya hewa: mwaka 1994 mkurugenzi wa kampuni iliyoendesha kituo hicho alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na kampuni yenyewe pia. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuwapa leseni wanaowapeleka vijana katika michezo ya namna hii. Na sisi hapa hatuhitaji kwenda Uingereza kujua Julai ni nini, kwa maana ilikuwa tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria MV Skagit ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, chombo chenye injini na mabaharia, ndani ya msimu huuhuu wa kusi.

Jibu la kampuni kwa barua yetu lilikuwa na mistari minne. Walisema bahari haitabiriki, wakatukumbusha fomu ya kukubali hatari tuliyotia saini ufukweni, na wakaahidi punguzo la asilimia 20 kwa safari ijayo. Fomu ile nilitia saini na mimi, na ndani yake hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba tutaingizwa majini jua likikaribia kuzama kwa sababu kayaki zilikodishwa mara mbili siku moja.

Tunataka fedha zote zirudishwe. Tunataka pia wakiri kwa maandishi kwamba hawakuwa na boti ya kusindikiza, na waache kuingiza wageni majini alasiri za bamvua ya kusi. Wale vijana wa boti walipoteza mafuta na usiku mzima wa uvuvi, nasi wanafunzi tulichanga shilingi 120,000, nikazipeleka mwenyewe kwa mzee yule pale sokoni Kunduchi. Alinipokea, akauliza hali ya binti, kisha nikamuuliza kama kampuni imefika kwake. Hajamwona mtu.