Kuombea "watu wote" ni wote kweli? Hata waliovunja kanisa?

MamaTwins_Nax
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie na hii kitu kwa sababu imenikalia kwa roho wiki ya pili sasa. Kanisa letu ni la mabati, hapa Kaptembwo Nakuru, si kubwa, na Jumapili kuna ile sehemu ya maombi ya watu wote, tunapeana zamu, mtu anasimama mbele anaombea wagonjwa, wasafiri, shule, nchi, halafu tunaenda kwa sadaka. Sasa kuna usiku vijana walikata mabati nyuma ya madhabahu wakaingia, wakabeba kinanda, mikisa na spika moja. Ya pili iliwashinda uzito wakaiacha hapo mlangoni. Hicho kinanda sisi kina mama tulikichangia miaka miwili, mandazi shilingi kumi kumi, mpaka saa hii nikisikia harufu ya mafuta ya kukaanga mkono unauma.

Zamu yangu ikafika Jumapili iliyofuata. Nikaomba kama kawaida, nilipofika mwisho nikasema Bwana tunawaweka mikononi mwako pia wale vijana walioingia hapa, wewe unawajua kwa majina, wasishikwe na umati kabla hujawashika wewe. Nilisema hivyo kwa sababu mnajua huku mwizi akipatikana ni tairi, na wale ni watoto wa mtu. Amina zilitoka kama tatu hivi. Tukitoka, mzee mmoja wa kanisa akaniita kando kwa tangi la maji akaniuliza, mama, sisi tunalilia nyumba ya Mungu na wewe unaombea wezi? Akaniambia hata Paulo alisema Bwana atamlipa Aleksanda mfua shaba, yule aliyemtendea mabaya, kwa hivyo hiyo maneno nisirudie.

Sikuwa na jibu, ni mzee ninamheshimu. Ndio nauliza, 1 Timotheo 2 ikisema watu wote, ni wote wote ama ni wote wa kanisa? Na hata kama ni wote, inasaidia nini kuombea mtu ambaye hajui unamwombea na hajali?

Layreader_Kibuye
Mama Twins asifiwe. Mimi ni layreader, msomaji wa ibada, wa ACK, yaani Kanisa la Anglikana la Kenya, hapa Kisumu, si mchungaji, kwa hivyo chukua kwa kipimo hicho.

Fungua hiyo sura usome mpaka mstari wa nane, usiishie wa kwanza. Paulo anamwandikia Timotheo akiwa Efeso, anamwambia kabla ya mambo yote zifanyike dua, sala, maombezi na shukrani kwa ajili ya watu wote. Halafu hesabu hilo neno "wote". Mstari wa kwanza watu wote, wa pili wafalme na wote wenye mamlaka, wa nne Mungu anataka watu wote waokolewe, wa sita Kristo alijitoa awe ukombozi kwa ajili ya wote. Mtu akitaka kusema "wote" ya kwanza ni washirika tu, itabidi hata hiyo ya sita aipunguze, na hapo atakuwa amejitoa na yeye. Na wale wafalme hawakuwa Wakristo hata mmoja. Kwa mapokeo ya kanisa barua hii ni ya miaka ya 60, enzi za Nero, aliyetawala Roma kuanzia 54 hadi 68 na aliwaua Wakristo. Huyo ndiye walikuwa wanaambiwa wamwombee.

Sasa kuhusu Aleksanda mzee wako hajakosea, iko, 2 Timotheo 4 mstari wa 14. Lakini mwambie kwa heshima asogeze kidole mistari miwili tu, wa 16, Paulo anasema siku ya kesi yake ya kwanza watu wote walimwacha, na anawaombea wasihesabiwe hatia. Yaani kwa pumzi moja mtu ameumizwa na anasema ameumizwa, na bado anaomba. Hajifanyi hakuna kilichotokea. Anachoacha ni kulipiza, hiyo amempa Mungu.

Mzee_Lanet
Mimi niko na huyo mzee. Siku hizi kanisa limekuwa laini sana. Mliandikisha OB, kile kitabu cha ripoti cha polisi, ama mlienda moja kwa moja kwa maombi? Mwizi ashikwe kwanza, arudishe, atubu, ndio aombewe. Zaburi ya 109, ile ya kulaani adui, pia iko kwa Biblia, isomeni.

MamaTwins_Nax
Mzee shikamoo. OB tuliandikisha asubuhi hiyo hiyo, nambari iko kwa katibu. Sijasema wasishikwe, nimesema wasichomwe.

Kijana_Shabab
Mama hiyo ya wezi mimi naielewa kabisa, shida yangu ni hiyo ingine Layreader amegusa, ya wenye mamlaka. Mimi niliacha kusema amina hapo. Juni 2024 tulikuwa barabarani tukiandamana, tarehe 25 watu wakapigwa risasi pale Bunge, wengine wa umri wangu, na Jumapili iliyofuata kanisani kwetu tukaambiwa tusimame tuombee serikali ipewe hekima na maisha marefu, dakika kumi nzima, na hakuna mtu alisema lolote kuhusu wale waliokufa wala mama zao. Nilitoka nikakaa nje na watu wa boda mpaka ibada ikaisha. Sasa niambieni hayo ni maombi ama ni kupaka mtu mafuta. Kama "watu wote" inamaanisha wakubwa kwanza na wengine wakibaki na nafasi, basi mimi sipo.

Layreader_Kibuye
Kijana umeniuma lakini umesema kweli. Hapo kosa halikuwa kuombea serikali, kosa ni kwamba mliombea serikali peke yake. Hayo si ya watu wote hata kwa hesabu ya kawaida.

Na soma Paulo anataka nini hapo, hasemi muwaombee wafalme maisha marefu, anasema ili tuishi kwa utulivu na amani. Ombi ni la mwananchi, mfalme ni njia tu. Ni kama ile barua ya Yeremia 29, watu wametekwa wamepelekwa Babeli, wanaambiwa uombeeni huo mji, kwa sababu amani yake ndiyo amani yenu. Hawakuambiwa muisifu Babeli.

Sisi wa huku Nyanza tulikuwa na Askofu Henry Okullu wa Maseno South. Kura za mlolongo za 1988, ile ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, alizipinga waziwazi wakati watu wazima walikuwa wananong'ona, na 1990 alikuwa kati ya waliosema nchi irudi kwa vyama vingi. Na ni askofu wa kanisa ambalo kitabu chake cha sala kinamwombea rais. Hakuona kama kuna mgongano. Ukimwombea mtu kila wiki unapata hata nguvu ya kumwambia amekosea, kwa sababu si chuki inakusukuma. Kumpa maikrofoni ni kitu kingine, na ACK tulikataza wanasiasa kuhutubia ibadani kutoka Septemba 2021, ingawa tukubaliane kuna mahali wanaingilia dirishani.

Rafiki_wa_Vihiga
Hamjambo. Mimi ni wa kanisa la Marafiki, Quaker, kwetu ni karibu na Kaimosi kule wamishonari walikuja 1902. Watu hudhani sisi hukaa kimya tu ibada yote, hapana, huku tunaimba na tuko na mapasta na ngoma pia, lakini kile kimya kidogo bado kipo na mimi hapo ndipo naona maombi ya watu wote yakifanya kazi, kwa sababu ukiwa na maneno mengi unaweza ruka mtu bila yeyote kujua.

Kuna yule ameuliza inasaidia nini kama mwenyewe hajui. Nitawaambia ya nyanya yangu tu. Jioni alikuwa anachagua maharagwe kwa ungo, hapo kwa mlango wa jikoni mwanga ukiwa bado upo, na alikuwa anaombea watu akifuata barabara. Anaanza posho mill, anakuja nyumba kwa nyumba mpaka mtoni, jina moja, anatoa jiwe ama haragwe bovu, jina lingine. Hakufumba macho, angeona maharagwe vipi. Sasa kulikuwa na jirani tulikuwa na kesi ya mpaka naye, alikuwa amesongeza ile miti ya mpaka mpaka ndani ya shamba la babu, kesi ilienda kwa chifu na haikuisha. Nyanya akifika kwa hiyo boma mkono ulikuwa unasimama. Anakaa. Halafu anasema, "Na huyu wa mpaka, wewe unajua," anaendelea na mwenye kufuata. Sijui kama alimsamehe, sidhani, mpaka anakufa hakunywa chai kwa hiyo nyumba. Lakini miaka yote niliyomwona hakumruka hata siku moja. Na nimeona kitu kimoja, watoto wa hiyo boma tulikuwa tunacheza nao na hakuna siku alitufukuza.

Mzee_Lanet
Hiyo ya "wewe unajua" hata mimi naweza.

Section58_Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, niko Nakuru miaka mingi. Kwetu Ijumaa Kuu kuna maombi makuu, ni kumi, na padre anayasoma moja moja. Tunaombea Kanisa, Baba Mtakatifu, mapadre na waamini wote, wanaojiandaa kubatizwa, Wakristo wote wawe na umoja, Wayahudi, wasiomwamini Kristo, wasiomwamini Mungu kabisa, watawala, na wenye taabu. Angalia hiyo orodha vizuri, karibu nusu ni watu ambao hawako hapo kanisani na hawatakuja. Na maombi ya waamini ya kila Jumapili yalikuwa yamepotea karne nyingi, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ndio uliyarudisha, kwa hati ya liturujia ya 1963, na hati yenyewe inataja hiyo 1 Timotheo 2 mnayozungumzia.

Lakini hiyo ni ya kusoma. Ya kuishi ni 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi. Januari ile mnaijua, sitarudia nani alifanya nini. Jumuiya yetu ndogondogo ilikuwa nyumba kumi na nne za makabila tofauti, kufika Machi tulibaki sita. Tulikutana kwa sebule ya mzee mmoja, mapazia yamefungwa, na yeye akaanza kuombea, akataja waliokimbia, akataja waliochomewa, halafu akaombea waliochoma. Hakusema "wao", alisema "watoto wetu waliochoma". Sasa sisi jibu letu ni "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mama mmoja akainuka akatoka, nyumba ya dada yake ilikuwa imeteketea, na hakuna aliyemlaumu. Mimi nilibaki lakini hilo jibu lilinikwama kwa koo. Sikulisema. Nilitingisha midomo tu watu wasijue. Wiki iliyofuata mzee akaomba tena vilevile, na ingine tena. Nadhani ilikuwa karibu Pasaka ndio nilisikia sauti yangu ikitoka, na si kwamba nilikuwa nimeamua.

Kwa hivyo mama Twins, hizo amina tatu si mbaya. Sisi tulianza na mbili.

Kijana_Shabab
Aisee. Sawa. Hiyo ya kutingisha midomo nimeisikia mpaka ndani. Lakini bado nasema majina ya waliokufa yatajwe.

Section58_Jumuiya
Yatajwe mwanangu. Yule mzee alianza na waliokufa. Ukipewa zamu anza na wao.

Kijana_Shabab
Nani atanipa zamu na mimi hukaa nje na watu wa boda.

Layreader_Kibuye
Basi ombea watu wa boda, si wewe ndio unawajua majina.

MamaTwins_Nax
Wapendwa nimerudi, nilikuwa na wagonjwa nyumbani, pacha wote wawili homa. Nimesoma yote mara mbili. Ya nyanya na maharagwe nimesomea mume wangu.

Habari ni hii. Mikisa imepatikana. Ilikuwa kwa fundi wa redio huku chini, aliuziwa elfu tatu na hakujua ni ya wapi, mwana wa mshirika wetu akaitambua kwa ile plasta nyeupe tulibandika tukaandika "usiguse". Polisi wakaenda. Kijana mmoja ameshikwa, ana miaka kumi na saba, na ikawa mama yake huuza sukuma pale stendi, tunanunua kwake sisi wote. Kinanda hakijulikani kiliko na nimeshakubali hivyo.

Nilimtafuta mzee Alhamisi nikampa simu asome huo mstari wa 16. Alisoma, akauliza miwani yake iko wapi, akasoma tena. Hakusema nimekosea wala hakusema niko sawa. Aliniuliza tu, "Huyo mama wa sukuma, kuna mtu ameenda kumwona?" Nikamwambia bado. Akasema mm. Jana nimepita stendi nikaambiwa mzee fulani alikuja akanunua mafungu manne na yeye anaishi peke yake.

Jumapili hii ni zamu yangu tena kwa sababu mwenye zamu amesafiri. Nimeandika majina nyuma ya risiti ya unga, nisije nikaruka mtu. Nimeanza na mama wa sukuma, halafu kijana, halafu fundi wa redio maana naye amepoteza elfu tatu yake, halafu wagonjwa, shule, na kijana wa Shabab nimekuwekea mstari wako, waliokufa 2024 na mama zao, ndio nije kwa serikali. Pasta amesema nisipite dakika tano. Zinatosha kweli?

Layreader_Kibuye
Zinatosha ukiacha kumweleza Mungu habari anazozijua. Shida ya waombezi wengi ni hiyo, wanahubiri wakiwa wamefumba macho.

Mzee_Lanet
Na kinanda pia kiombee.

MamaTwins_Nax
Haha mzee, kiko kwa risiti, cha mwisho.