Mjadala: Ua la Usambara limetajirisha wengine. Tudai, au tufunge mlango uliobaki?

Wakuu, heshima kwenu. Wazee, shikamooni.

Naleta hoja ambayo kila ikitajwa huishia kwenye kelele: je, Tanzania idai malipo kwa ua la Usambara?

Kwa asiyelijua, ni mmea mfupi wenye majani ya manyoya laini na maua ya rangi ya urujuani, na katikati yake vifuko viwili vya chavua vya manjano. Ulaya na Marekani limejaa madirishani. Wajerumani mpaka leo wanaliita Usambaraveilchen. Porini linashikilia miamba yenye kivuli na unyevu, mara nyingi kando ya vijito, katika misitu michache ya Tanzania na Kenya. Kwingine kote duniani kulikopo, lilipelekwa.

Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani upande wa Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Wauza mbegu hawakuchelewa. Mwaka 1927 wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, wakateua aina kumi kutoka miche ya mbegu za Ulaya, na hapo ndipo biashara ya Marekani ilipopamba moto. Kufikia 1946 Wamarekani walikuwa na chama kizima cha wapenzi wa ua hili.

Kuna jambo watu hulisahau. Baron hakuwa wa kwanza. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alilichukua mwaka 1884, na mmisionari W. E. Taylor mwaka 1887 (ndiye huyuhuyu aliyekusanya methali za Waswahili Mombasa). Vielelezo vyao vilikwenda Uingereza vikiwa vimekaushwa, vikakaa kimya. Kilicholeta pesa ni kupeleka kitu kilicho hai.

Sasa msimamo wangu, na najua nitapigwa mawe. Kudai fidia ya maua yanayouzwa leo ni kufukuza moshi. Mkataba wa kimataifa wa Bioanuwai, yaani wa viumbe hai wa kila aina, ulitiwa saini 1992, miaka mia kamili baada ya Baron, na Itifaki ya Nagoya iliyo chini yake, inayohusu mgawanyo wa faida itokanayo na viumbe hao, ilianza kutumika Oktoba 2014. Haikuandikwa kurudi nyuma hadi enzi za Wajerumani. Zaidi ya hapo, ua hili unakata jani moja, unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa unaona vijimche. Bibi mmoja akimpa jirani yake jani, utamdai nani?

Lakini msituni bado wamo ndugu zake. Wako wanaotambaa, kama magungensis na grotei, ambao wakuzaji wa nje waliwatumia kupata aina za kuning'iniza. Wako wanaostahimili hali ambazo ua la dirishani halizijui. Hao ndio wa kuwalindia mlango. Anayetaka mbegu mpya aje na mkataba, alipe, na pesa ionekane kijijini. Ya 1892 tuyaandike kwenye vitabu vya shule, tusipoteze miaka mahakamani.

Karibuni.

*

Mkulima wa iliki: Mkuu, wewe unalinda mlango, mimi naona nyumba yenyewe inavuja. Hilo ua linakufa pale mti wa juu unapokatwa. Jua likipiga jiwe siku chache tu, majani yananyauka. Halafu waje wachimba dhahabu wavuruge kijito, kwisha habari. Sisi tuliambiwa tuache kulima iliki chini ya miti ya hifadhi, tukaacha, wengine kwa shingo upande. Iliki ilinisomeshea watoto. Ua halijaninunulia hata daftari. Kilichowahi kutupa pesa kutokana na msitu ni vipepeo: ulikuwa unapanda mimea wanayokula viwavi, unafuga, pupa wanauzwa kwenye maonyesho ya ng'ambo, mpaka serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Ule mradi wa vipepeo wa Amani, kwenye msitu wa Usambara Mashariki, haukuanza kwa kumdai mtu. Ulianza kwa kuuliza sisi tunaweza kuuza nini.

Mwanafunzi wa sheria: Naheshimu hoja ya kaka mwenye mada, ila anaifunga mapema mno. Kweli, sheria hairudi nyuma. Lakini si kila dai ni la mahakamani. Mali nyingi zilizochukuliwa wakati wa ukoloni zinajadiliwa leo bila kesi yoyote, kwa sababu mwenye nazo ameona aibu. Kwa nini bustani na vyama vilivyoneemeka kwa ua hili visiombwe kuchangia misitu lilikotoka? Ukisema "yamepita", umempa mtu msamaha ambao hajauomba. Na kichekesho: mwaka 2015 wataalamu waliliingiza kwenye jenasi (kundi la mimea ya karibu) ya Streptocarpus, kwa hiyo hata jina la Baron, Saintpaulia, limeshuka cheo. Yeye kapoteza jina, sisi hatujapata senti.

Mtu wa Kilifi: Samahani ndugu zangu wa Tanga, mnaongea kana kwamba ua ni lenu peke yenu. Kwetu lipo kwenye miamba ya Cha Simba, na Taita wana lao la Mbololo. Hata sampuli za Taylor zilitoka upande huu. Dodoma ikidai peke yake, sisi tutadai nini, mabaki? Na mkitoza bei mlangoni kwenu, mtu si atapitia kwetu? Mlango wa nyumba yenye milango miwili haufungwi na mtu mmoja.

Mwenye mada: Mtu wa Kilifi, hapo umenikamata. Bila nchi mbili kukubaliana bei na masharti, hoja yangu ina tobo.

Mwanafunzi wa sheria, kuomba mchango sina ugomvi nako. Hofu yangu ni kwamba tutaomba miaka kumi, tupate barua nzuri za masikitiko na ufadhili wa semina moja hotelini. Ukipata njia ya kuwabana bila semina, niko nyuma yako.

Aliyenibadilisha ni mzee wangu wa iliki. Nilipoandika "pesa ionekane kijijini" nilikuwa nafikiria mgao, yaani watu wakae wasubiri. Kumbe swali ni nani anaotesha. Jani moja linatoa vijimche kadhaa. Kama lilivyowarahisishia wa Los Angeles, litamrahisishia na mtu wa Muheza. Watalii wanaopanda Amani wanarudi na picha tu. Hivi mzee, kitalu kikiwekwa nje ya mpaka wa hifadhi, kivuli cha migomba kinatosha, au lazima pawe na kijito?

Mkulima wa iliki: Kivuli cha migomba kinatosha, na maji nitabeba. Jani la kwanza ndilo gumu. Nikilichuma mwenyewe msituni nimevunja sheria, na sijui ofisi gani ya kuliombea.