Seva ya RADIUS inanikataa, na akaunti ya ndani ya swichi nayo haifanyi kazi

Muulizaji
Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ninasimamia swichi 40 za Cisco na ruta 3, zote zikitumia nywila moja ambayo kila fundi aliyewahi kupita hapa anaijua, na sasa ninataka kila mtu aingie kwa jina lake kupitia seva ya RADIUS, yaani seva moja inayothibitisha majina na nywila kwa ajili ya vifaa vyote. Jana niliandika kwenye swichi moja "aaa authentication login default group radius local", nikiamini kwamba seva ikinikataa nitaingia kwa akaunti ya "fundi" iliyomo ndani ya swichi. Sikuingia, hata kwa kebo ya konsoli, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye swichi. Bahati nzuri sikuwa nimehifadhi mabadiliko, nikaizima na kuiwasha. Nimekosea wapi?

Jibu la 1
Amri ni sahihi, ila neno "local" hukulielewa vizuri. Swichi hurudi kwenye akaunti zake za ndani pale tu seva inapokaa kimya. Seva ikisema hapana, hilo ni jibu kamili, na swichi haiulizi kwingine. Ipatie konsoli orodha yake ya njia za uthibitishaji, inayotumia akaunti za ndani pekee. Tena, kabla ya kugusa chochote andika "reload in 10", ili ukijifungia nje swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10 na kurudia usanidi uliohifadhiwa. Ukifanikiwa, usisahau "reload cancel". Mimi nilisahau, ghorofa nzima ikakatika mtandao saa tano asubuhi.

Jibu la 2
Naongeza kwamba ikiwa unataka pia kujua nani aliandika amri gani, TACACS+, itifaki nyingine ya kazi hiyo hiyo, inafaa zaidi, kwa sababu huidhinisha amri moja moja, kiasi kwamba fundi wa zamu anaweza kutazama hali ya milango ya swichi bila kuruhusiwa kubadili VLAN (mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi). RADIUS huficha nywila tu, TACACS+ huficha mwili mzima wa pakiti, ingawa kwa MD5, mbinu ya zamani ya kukokotoa ambayo leo ni kinga hafifu. Kwa hiyo iache TACACS+ ndani ya mtandao wa usimamizi. Kwenye ruta, funga chanzo cha pakiti kwenye Loopback (mlango pepe wa ruta, usiotegemea kebo yoyote), kwani seva hukitambua kifaa kwa anwani yake ya IP, na pakiti ikitokea mlango mwingine huachwa bila kujibiwa.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nimesoma kumbukumbu za seva: jina "fundi" halimo kabisa, na kila nilipolijaribu seva ilijibu kwa kukataa. Nitaanza na orodha ya konsoli.