Naomba ushauri: taa za LED ndani ya IST zinafifia mwishoni na waya unapata moto

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, nina Toyota IST ninayoiwekea taa za ndani mwenyewe. Nimetumia mkanda wa LED wa rangi wa volti 5, mita 2, jumla taa 120, kuanzia chini ya dashibodi hadi nyuma ya siti. Unaendeshwa na Arduino Nano, kibodi kidogo cha kielektroniki kinachoongoza rangi za taa. Umeme nautoa kwenye soketi ya kuchajia simu, kupitia konveta ya ampea 3 inayoshusha volti 12 hadi 5.

Bluu inapendeza mno, hasa nikishuka Kirumba usiku. Shida ni nyeupe: mwanzoni iko safi, mwishoni inageuka njano, kisha nyekundu. Nimepima kwa mita ya umeme, mwanzo wa mkanda volti 4.8, mwisho 3.9. Nikagusa waya mwembamba chini ya zulia, wa moto! Nikachomoa hapo hapo, maana gari hili ndilo linapeleka watoto shule.

Nikishusha mwanga hadi robo, rangi inatulia. Ila kila taa ikiwaka nyeupe kamili inakula hadi miliampea 60, hivyo zote ni ampea 7 na kitu. Fundi mmoja kaniambia nivute moja kwa moja kutoka betri, ila fyuzi hakuitaja kabisa, nikasita.

Naombeni mnisaidie: nikiweka konveta ya ampea 10 na waya mnene, bado nilazimike kupeleka umeme pia mwisho wa mkanda? Na laini ya kutoka betri niiwekee fyuzi ya ampea ngapi?