Nimemkabidhi Mungu mipango yangu yote, nitajuaje kama ameipokea? Naombeni ushauri

Busokelo90:
Habari za jioni wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa, nina miaka 29, naishi Mbeya mjini, nauza kwenye duka la dawa. Mkesha wa mwaka mpya mchungaji wetu alitugawia vikaratasi. Kila mtu aandike mipango yake ya mbele, ya kazi, ya ndoa, ya ujenzi, kisha akiweke kwenye kapu pale mbele na asikifuatilie tena, amwachie Mungu. Niliandika mistari sita. Saa sita kasoro robo nikaenda kuweka, nikalia hata sijui kwa nini. Baadaye kapu likachomwa nje, tukaimba mpaka mvua ikatufukuza.

Tangu siku ile sina amani. Nilidhani ukishamkabidhi Mungu unapumzika, kumbe mimi ndiyo kwanza nahesabu siku. Mpango mmoja umeanza kufunguka wenyewe kwa kasi ya ajabu na mimi nimeuacha utembee.

Swali langu: unajuaje ni Mungu anaongoza na si wewe unayesukuma? Nataka ushauri wa kiroho. Matusi hapana.

Ngoja Waje:
Ngoja waje wanaojua. Nimevuta kiti.

Mwinjilisti wa Mtaa:
Bwana Yesu asifiwe dada au kaka. Mithali 3:5-6, "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Hiyo hofu ni roho, ikemee. Funga siku tatu kavu. Halafu simama na Yeremia 29:11, anakuwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mlango ukifunguka usimame kuuliza fundi ni nani, ingia.

Fundi Spana:
Mpango gani uliofunguka? Mnakuja hospitali mgonjwa mmemwacha nyumbani.

Busokelo90:
Ni safari ya masomo. Nisingependa kuingia ndani sana maana nilichouliza ni cha imani.

Fundi Spana:
Masomo wapi, miaka mingapi, nani analipa? Imani inakaa hapo hapo kwenye hayo.

Busokelo90:
Ujerumani. Mafunzo ya uuguzi, miaka mitatu, unasoma huku unafanya kazi na unalipwa kila mwezi. Mtihani wa Kijerumani wa B1, ngazi ya kati, nilifaulu mwezi wa kumi na moja. Usaili tulifanya kwa video, mkataba umefika wiki mbili baada ya mkesha. Miadi ya viza Dar ni mwezi ujao. Mnaona jinsi ilivyonyooka? Sijasukuma popote.

Kiazi cha Isyonje:
1891 wamisionari wa Kijerumani walifika Rungwe na Injili. Leo Rungwe inawarudishia wauguzi wa kuwageuza vitandani. Deni linalipwa kwa sindano, taratibu.

Sista Leipzig:
Mimi niko huku mwaka wa pili wa hayo mafunzo, kwa hiyo acha nikuambie yasiyo kwenye mkataba. B1 yako ni ya kuombea maji. Darasani nilijifunza Kijerumani, wodini nikakuta wazee wa Saxony wanaongea kitu kingine kabisa. Siku ya tatu bibi mmoja aliniomba kitu mara nne, mara ya tano akakata tamaa akalala. Mpaka leo sijui alitaka nini. Mshahara unakatwa kodi na bima kabla hujauona. Zamu za usiku zipo. Unga wa ugali usibebe, maduka ya Waafrika yapo. Beba dawa ya mafua na picha za nyumbani za kwenye karatasi, simu ikizima mitaani kwenye baridi utanikumbuka.

Ngoja Waje:
Dada wa Leipzig, kwa fundi umeme wa veta wanachukua?

Sista Leipzig:
Wanachukua. Fungua uzi wako.

Mzee wa Kakao:
Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa huku Kyela, nimeona umejitaja Mmoravian nikaona nichangie.

Wazee wetu wa Herrnhut, huko huko unakotaka kwenda, katika karne ya 18 walikuwa wanapiga kura, ile ya kuokota vikaratasi, mbele za Mungu kuamua nani atumwe wapi, na hata nani aoane na nani. Wakaona mzigo wake, wakaja kuiacha. Lile neno la kila siku tunalosoma asubuhi ni la hao hao, kitabu chake kilianza kuchapwa 1731. Kwa hiyo swali lako ni la ukoo, usilionee aibu.

Mimi nikiwa kijana nilipanga kwenda Zambia, migodini. Nilikuwa na binamu kule, akaniandikia njoo mwezi wa sita, nafasi ipo. Barua nikaipata mwezi wa tisa. Nikakaa, nikapanda kakao, hadi leo nakula hiyo. Kanisani huwa nashuhudia kwamba Mungu aliizuia ile barua. Marehemu mke wangu alikuwa akicheka, anasema Mungu hakuizuia, ni mimi nilikuwa mvivu wa kwenda kuiulizia. Sijawahi kupata jibu la kumpa.

Tawakali77:
Mimi ni Muislamu wa Tanga, nimepita tu. Kwetu kuna hadithi ya yule bwana aliyemuuliza Mtume, nimfunge ngamia wangu nitawakali, au nimwachie nitawakali? Akaambiwa mfunge, kisha tawakali. Dada, ngamia wako umemfunga? Mambo ya nyumbani yako sawa?

Mwinjilisti wa Mtaa:
Ndugu yangu wa Tanga, hapa tunaongelea kusalimisha. Ukishafunga ngamia umesalimisha nini?

Tawakali77:
Ngamia hajui kama umesalimisha, sheikh. Yeye anaondoka tu.

Fundi Spana:
Turudi kwa mleta mada. Ulisema mistari sita. Mmoja ni Ujerumani. Mitano mingine? Au ilichomwa na kumbukumbu?

Busokelo90:
Ninayo. Nilikipiga picha kikaratasi kabla ya kwenda mbele.

Kiazi cha Isyonje:
Hahahaha jamani! Amemkabidhi Mungu, nakala kabaki nayo! Endapo upande wa pili wakipoteza jalada.

Busokelo90:
Ilikuwa ya kumbukumbu tu. Haya, naiandika kama ilivyo msije mkasema naficha:
1. Ujerumani
2. Nyumba ya mama iezekwe upya
3. Ndoa, mume anayemjua Mungu
4. Deni la kikoba liishe
5. Ada ya J
6. Niache hasira

Chumvi ya Uvinza:
J ni nani?

Fundi Spana:
Nilikuwa nakuja hapo.

Ngoja Waje:
Nimesogeza kiti.

Busokelo90:
J ni mwanangu. Ana miaka minne.

Sikumtaja kwa sababu najua humu mkisikia singo maza mnaacha swali mnahukumu mtu. Baba yake tuliachana kwa amani, akipata anatuma. Mtoto atabaki na bibi yake Tukuyu, amezoea, hata sasa mara nyingi anakaa kule mimi naenda Jumamosi. Wangapi wamelelewa na bibi na leo ni watu wazito? Halafu siendi kutanua, naenda kwa ajili yake. Na sijajiamulia. Asubuhi ya mwaka mpya nilifungua Biblia bila kuchagua, ikaangukia Mwanzo 12:1, "Toka wewe katika nchi yako, na jamaa zako, na nyumba ya baba yako." Mnataka Mungu aseme kwa kipaza sauti?

Chumvi ya Uvinza:
Dada, mimi ni Mkatoliki, tunasemwa hatusomi Biblia, ila shuka mistari minne tu. 12:5. Abramu alitoka na Sarai mkewe, na Lutu mwana wa ndugu yake, na vitu vyote walivyokuwa wamejipatia. Mtoto wa ndugu yake alimbeba. Wako wa kumzaa unamwacha, halafu unatumia mstari wa mtu aliyebeba.

Sikwambii usiende. Mama yangu alikwenda Oman kufanya kazi za ndani nikiwa na miaka sita, akanisomesha mpaka chuo, namheshimu mpaka kesho. Lakini hakuniambia Mungu ndiye aliyemtuma. Alinikalisha kwenye kigoda jikoni, akaniambia nakwenda kutafuta hela, nitakosa Krismasi mbili. Nikahesabu Krismasi mbili. Ya pili ilipoisha alikuwa mlangoni.

Na Mwinjilisti, hiyo Yeremia 29:11 ni katikati ya barua kwa mateka wa Babeli. Juu yake, mstari wa 5, wanaambiwa jengeni nyumba, pandeni bustani. Mstari wa 10 wanaambiwa miaka sabini. Mnaupenda wa 11 kama vile ulidondoka peke yake.

Mwinjilisti wa Mtaa:
Amina kwa neno hilo. Ila 11 nayo imo.

Sista Leipzig:
Upande wa mtoto nikuambie ukweli. Kumleta ukiwa bado kwenye mafunzo ni shughuli pevu, wanataka uoneshe nyumba yenye nafasi na kipato kinachowatosha wawili, na mwanafunzi anakaa chumba kimoja. Mwenzangu wa Kenya alikuja akisema atamleta wake baada ya miezi sita. Yuko mwaka wa tatu.

Mpelelezi wa Usiku:
Samahani kwa kuwamwagia mboga. Mnalia hapa bure. Nimeingia kwenye nyuzi za zamani za huyu Busokelo90. Tarehe 9 mwezi wa kumi na moja, jukwaa la magari: "Wakuu gia inagonga nikitoka mbili kwenda tatu, mke wangu kanichoka na hili gari, nifanyeje?" Mke wangu! Huyu ni mwanamume mwenye gari bovu. Leo ni binti wa duka la dawa mwenye mtoto na B1. Hii ni chai, na haina hata tangawizi.

Kiazi cha Isyonje:
Yaani mimi nimeshampangia shangazi yangu aombe kwa ajili ya J.

Ngoja Waje:
Narudisha kiti.

Fundi Spana:
Gia ikigonga mbili kwenda tatu mara nyingi ni mafuta ya gia, yamechoka au yamepungua. Kabla hajashusha gia boksi abadilishe mafuta. Nimejibu kwa faida ya wengine.

Mwinjilisti wa Mtaa:
Mpelelezi, na kama ni kweli? Utajibu nini siku ile kwa kumvunja moyo mtu?

Mpelelezi wa Usiku:
Nitajibu nilisoma nyuzi zake. Mwezi uliopita hapa tulimchangia mtu msiba wa mama, wiki ya pili mama akapona.

Busokelo90:
Akaunti ni ya kaka yangu. Simu hii alikuwa nayo yeye, akaniachia aliponunua mpya, jukwaa lilikuwa limeshafunguka humo, nikaandika. Sikujua mtachimba. Gari ni lake na mke ni wake. Mimi sina hata baiskeli.

Mpelelezi wa Usiku:
Chai ya pili hiyo, mhudumu leta na maandazi.

Sista Leipzig:
Dada, njoo inboksi, nina dakika kumi kabla ya zamu.

Sista Leipzig:
Nimerudi. Nimempigia kwa sauti. Ni mwanamke, Kijerumani chake kinachechemea ila kipo, na nyuma kuna mtoto anadai chapati. Mpelelezi, kunywa chai yako.

Ila dada, nilikuuliza swali moja ukanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Liseme mwenyewe hapa, mimi silisemi.

Fundi Spana:
Swali gani tena?

Busokelo90:
Aliniuliza kama mama anajua ni miaka mitatu.

Mama nimemwambia ni kozi ya miezi sita.

Jamani msianze. Mama ana presha na mguu wa kushoto unamsumbua, nikimwambia miaka mitatu kwa mkupuo atalala chini. Nimeona aizoee kidogo kidogo. Miezi sita ikiisha nitamwambia wameongeza. Na nani anajua, pengine Mungu atafungua njia nimchukue J mapema, nitakuwa sikudanganya. Muda uko mikononi mwake.

Chumvi ya Uvinza:
Mguu unamsumbua, na mtoto wa miaka minne atamkimbiza nani?

Kiazi cha Isyonje:
Hapa utani umeniishia.

Mwinjilisti wa Mtaa:
Mimi niliyesema ingia usiulize fundi, naomba nirudi nyuma hatua moja. Mwambie mama yako, binti. Kufunga kutasubiri.

Mzee wa Kakao:
Mwanangu, nimeisoma ile mistari yako sita mara mbili kwa miwani. Miezi sita haimo. Hiyo hukuiweka kwenye kapu.

Busokelo90:
Mzee, mmenibana mpaka kifua kinauma. Mkataba nimeshasaini. Hela ya lugha na ya vyeti imeshakwenda, ile ya kikoba ndiyo iliyolipia, kama nisipoondoka nitailipa na nini? Sijasema sitamwambia. Jumamosi naenda Tukuyu kama kawaida. Nimemnunulia bati kumi.

Fundi Spana:
Bati kumi haziezeki nyumba.

Busokelo90:
Ni za jikoni.

Chumvi ya Uvinza:
Mkae naye hapo hapo jikoni basi, kabla fundi hajapanda juu. Ukirudi Jumapili tuandikie hata mstari mmoja.

Busokelo90:
Wakuu habari za asubuhi. Huyu sasa ni mwenye akaunti, kaka mtu. Nimeingia kwa simu yangu nikakuta taarifa mia na kitu nikadhani nimefungiwa. Fundi Spana asante, ilikuwa mafuta ya gia kweli, nilibadilisha ikatulia.

Ila nimesoma uzi wote na sijaelewa jambo moja. Mama kaambiwa miezi sita? Mimi na mke wangu alituambia ni mwaka mmoja.